Moto wa Mzee Ramlal

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Wundanyi hatujambo, ila kifua changu kinazidi kunisumbua. Shangazi yako amemaliza kuvuna maharagwe. Umeniuliza kama ni kweli niliwahi kuchoma maiti ya Mhindi kule Voi. Ni kweli, na sababu yake nilimficha hata nyanya yako.

Mzee Ramlal aliletwa na jeshi la Waingereza kutoka India kupigana na Wajerumani huko Taveta. Vita vilipoisha, akabaki Voi kama fundi wa reli. Alifariki miaka ya hamsini, wakati mimi nikiwa mwalimu. Wahindi wenzake walipanga kuni, kisha wakasita, kwa maana kwa mila yao moto huwashwa na mtoto wa kiume.

"Hana mtoto," mwenye duka akasema. "Nitawasha mimi."

"Ngoja, Bwana. Niachie mimi."

"Wewe, Mwalimu? Mtaita, tena mtu wa kanisa! Ni nani wako?"

Mzee aliyenilea alikuwa amesimama kando yangu, na mama alikuwa bado hai.

"Rafiki yangu," nikajibu.

Akanitazama usoni, akazitazama nywele zangu, kisha akanipa kijinga cha moto.

Sikusema kweli, Wakesho. Alikuwa baba yangu.