Kidonge kwa Chai Kavu

Chapwa, Tunduma
4 Machi 2023

Baba, shikamoo.

Naandika kwa kuwa simu siku hizi huisikii. Nikisema neno unanijibu lingine. Huku tu wazima na biashara ya vitenge inakwenda. Wewe waendeleaje na sukari? Enoka dereva ananiambia umekonda, hata koti la kanisani linakuning'inia. Nimempa maharage, karanga na dagaa akuletee. Daktari alisema vidonge viende na chakula. Tangu mama atutoke, kila nikikuona umepungua. Kama kupika kunakushinda, njoo tukae wote hapa.

Mwanao,
Tupokigwe

Ileje
19 Machi 2023

Mwanangu Tupokigwe,

Marahaba. Mimi sijambo, ni magoti tu yananisumbua nikipanda shambani. Mzigo umefika, Mungu akuzidishie. Vidonge nameza asubuhi na jioni, sijaruka. Kuhama siwezi, kahawa hii haina mwangalizi mwingine. Na Enoka usimsikilize sana, yeye humwona mtu kupitia kioo cha gari.

Baba yako,
Barnaba

Chapwa
30 Aprili 2023

Baba, shikamoo, na pole sana.

Habari zimenifikia leo. Nasikia mzee Jairo alikukuta umeanguka kwenye mibuni, umelowa jasho, hata jina lako unalitafuta. Akakunywesha maji ya sukari, akakupeleka hospitali kwa bodaboda. Jairo yuleyule mliyegombania naye mpaka wa shamba. Nilitaka kupanda gari leo hii, Enoka anasema umenikataza. Tena umeapa hutameza vidonge tena, eti ndivyo vilivyokuangusha.

Baba, mama nimeshamzika. Niambie ukweli: ulikuwa unakula nini?

Mwanao,
Tupokigwe

Ileje
21 Mei 2023

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo. Mimi nina nafuu, na vidonge nimerudia.

Nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako ni zito. Hospitalini yupo dada wa lishe, Erica, naye aliniuliza hilohilo. Nikamwambia, chai kavu. Asubuhi chai, jioni chai. Akauliza kama nyumbani hakuna chakula. Nikasema kipo, binti yangu analeta, gunia la maharage sijalifungua hata kamba. Akaweka kalamu chini.

"Basi tatizo ni nini, mzee?"

"Chakula ninacho," nikamwambia. "Wa kula naye ndiye sina."

Maisha yetu yote ya ndoa nilikula na mama yako sahani moja. Nikipika peke yangu, tonge la kwanza linakwama kooni. Mambo haya mtu hamwambii mwanawe.

Hakunicheka. Alinieleza kwamba dawa inashusha sukari mwilini. Nisipokula, inashusha hadi inaniangusha. Daktari akanipunguzia dawa, lakini Erica akasema kidonge na chakula ni ng'ombe wawili wa plau moja. Kisha akamwita Jairo aliyekuwa nje akinisubiri, akamuuliza naye anakula nini. Jairo ana presha, na mkewe yuko Kamsamba anamuuguza binti yao. Jibu lake halikulizidi langu.

Sasa jioni tunapika pamoja: ugali mdogo wa dona, maharage, majani ya maboga kwa wingi, chumvi kwa kubana. Jairo hajui kupika, ila anakula hata alichokiunguza. Habari ya mpaka hatujaigusa.

Baba yako,
Barnaba

Ileje
9 Julai 2023

Mwanangu Tupokigwe,

Salamu nyingi kwako. Umekaa kimya tangu barua ile, najua ilikuumiza. Haikuwa kosa lako. Sukari wamepima, imetulia, na koti limeanza kunikaa.

Jairo amekwenda Kamsamba kumsaidia mkewe kuvuna mpunga wa binti yao. Jioni ya kwanza nilipika kama kawaida, nikaketi. Tonge likakwama. Nikatazama kidonge pale mezani, nikawaza nikimeze kwa chai nilale.

Kisha nikafunika sufuria, nikaibeba hadi kwa Rozi, yule mjane tunayeimba naye kwaya ya wazee. Njiani karibu nirudi. Mwanaume wa umri wangu, kubisha hodi na sufuria mkononi. Alipofungua aliiona ile sufuria, akaniuliza kuna msiba kwa nani.

"Hakuna msiba," nikamwambia. "Nimekuja kula."

Akaenda kuleta maji ya kunawa.

Ukipata nafasi, mwanangu, njoo. Uje na njaa.

Baba yako,
Barnaba