Idadi ya Watu wa Kaya Hii

Gorna Slivitsa, Bulgaria, 14 Aprili 2015

Mwanangu Radostina,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nyonga ya kushoto inanisumbua kila hali ya hewa ikibadilika. Wewe je, unakula huko Luxemburg, au ni kahawa tu?

Nikupe habari. Nyumba yangu imechaguliwa kwa ule utafiti wa ofisi yenu ya takwimu za Ulaya wa kupima nchi ipi inaishi vizuri na ipi inaishi vibaya! Karani wa takwimu, Bi Tsvetelina, alitoka mjini na dodoso lake, na atarudi kila mwaka kwa miaka minne. Nilipomwambia kwamba majibu hayo yanaishia mezani kwa binti yangu, akakaa wima.

Nikakutetea. Nyumba ina joto? Vyumba vyote. Nyama au samaki kila baada ya siku moja? Kila siku! Likizo ya wiki nzima mbali na nyumbani? Baharini, kila Agosti. Siwezi kukubali wakubwa zako wasome kwamba mwalimu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na nane anaishi kwenye chumba kimoja chenye jiko la kuni.

Septemba mama yako anatimiza mwaka kaburini. Utakuja?

Baba yako

Luxemburg, 3 Mei 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na nyonga. Mimi sijambo, na nakula.

Baba, umenichosha! Bahari gani? Mara ya mwisho kwenda huko nilikuwa na meno ya utoto. Kila kaya kwenye sampuli inasimama badala ya mamia ya nyingine. Sasa watu wazima na akili zao watasoma kwamba nyumba zote hizo zina joto, kumbe umezipasha wewe kwa mdomo! Wakipunguza msaada wa kuni utamlaumu nani? Mwakani sema ukweli mtupu, hata ukiuma.

Septemba nakuja. Nimeshaomba ruhusa.

Binti yako

Gorna Slivitsa, 20 Aprili 2016

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga imezidi, asante kwa kuuliza. Natumaini wewe hujambo.

Septemba, tangazo la kumbukumbu ya mama yako nililibandika langoni mwenyewe, limekaa upande. Ngano ya kugawia watu makaburini niliichemsha mwenyewe, ikaungua. Jirani Yordanka alisema amewahi kula mbaya zaidi. Wewe hukuja, ulipiga simu: ripoti, ripoti. Haya.

Bi Tsvetelina amekuja tena. Nimesema ukweli. Joto, chumba kimoja. Nyama, Jumapili.

“Likizo?” akauliza.

“Mbuzi atakamuliwa na nani, wewe?”

“Niandike huna uwezo au hutaki?”

“Andika nina mbuzi.”

“Mzee, hakuna kisanduku cha mbuzi!”

Halafu akauliza kama nina ndugu wa kumwomba msaada nikipata shida. Nilifikiri sana. Nikamwambia aandike hapana. Si ulitaka ukweli mtupu?

Baba yako

Luxemburg, 1 Novemba 2016

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako imekaa mezani miezi sita, maana kila nikianza kuijibu hasira zinanipanda. Huna ndugu? Mimi ni nani? Nimekuomba mara ngapi uhamie huku? Kuna joto hadi kwenye ngazi, lifti, daktari ng'ambo ya barabara. Nchi hii iko juu karibu kwenye kila jedwali letu, na wewe umeng'ang'ania mbuzi! Mwambie Bi Tsvetelina afute lile jibu. Limeniuma.

Krismasi sitaweza, majedwali yanatoka Januari. Pasaka nitakuja.

Binti yako

Gorna Slivitsa, 24 Aprili 2017

Mwanangu,

Marahaba. Uzima upo, nusu.

Pasaka imepita. Mayai mekundu ya sikukuu nimegonganisha peke yangu kuona lipi halipasuki, mkono wa kulia na wa kushoto. Wa kushoto umeshinda.

Februari nilianguka penye kuni. Yordanka alinikuta saa tatu nzima baadaye. Sikukwambia kwa sababu ungeniandikia habari za lifti.

Bi Tsvetelina alikuja juzi. Akauliza idadi ya watu wa kaya hii. Nikasema wawili.

“Wa pili yuko wapi?”

“Yuko njiani.”

“Tangu lini?”

“Septemba ya mwaka juzi.”

“Mzee wangu, walio njiani hatuwahesabu.”

“Basi kaa, unywe kahawa, umsubiri.”

Akafungua kijitabu chake cha maelekezo, akanisomea kanuni: asiyelala nyumbani kwa miezi sita si mtu wa kaya. Tulibishana mpaka basi likamwacha. Mwishowe akanitazama kwa huruma, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Akaandika mmoja. Nikatia saini.

Baba yako

Luxemburg, 4 Mei 2017

Baba,

Shikamoo. Umeanguka Februari, mimi nasoma Mei! Nimekasirika, na safari hii si wewe uliyeniudhi.

Kanuni aliyokusomea niliiandika mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini. Tulibishana wiki nzima ofisini: iwe miezi mitatu au sita? Mimi ndiye niliyeshikilia sita. Nilisema mtu akikaa mbali miezi sita, nyumba imeshazoea kutokuwepo kwake. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilidhani naandika habari za watu wengine.

Nimeomba likizo ya mwaka mzima bila mshahara. Mkuu wangu akauliza sababu, nikamwambia kuna kaya moja Bulgaria imehesabiwa vibaya. Akasema kaya moja haibadilishi chochote kwenye jedwali. Nikamwambia najua.

Nafika Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, kwa basi la saa tisa mchana. Usije kituoni na nyonga hiyo.

Binti yako