Class Four Si Darasa la Nne

Mpendwa kaka Ochi,

Mama ananiambia siku hizi unasoma ukiwa umefumba jicho la kulia. Basi lifumbe, usome hii polepole. Nakala yake nimeibandika kwenye mlango wa karakana tulipofanyia kazi hapa Kawangware, kwa hiyo usidhani nakunong'oneza.

Unakumbuka tulivyotembea kutoka Kisumu Ndogo siku mashine ya leza ilipoletwa? Ulivaa shati la kanisani. Miaka yote ulikuwa ukiandika jina la mama kwenye sufuria kwa msumari, majirani wasizichanganye na zao, na sasa ulipewa mashine ya kuandika kwenye chuma bila hata kukigusa. Jina la kwanza uliloandika lilikuwa lake, kwenye mfuniko. Akakataa kuupikia, akautundika ukutani. Nilikuonea fahari sana siku ile.

Kisha bosi akakitoa kifuniko cha mashine ili thermos kubwa za wateja za kuandikwa majina ziingie. Ndani kikatokea kibandiko cha njano, na Kiingereza ukanisukumia mimi kama kawaida yako.

"Sis, hapo wameandika nini?"

"Class four."

"Class four? Hiyo ni ya watoi! Mimi nilimaliza class eight."

"Basi umeipita mbali, bro."

Tulicheka mpaka bosi akatufokea. Chini ya neno hilo kulikuwa na maandishi madogo kuhusu macho. Sikuyasoma, Ochi. Nimekuficha jambo hili tangu uondoke kurudi nyumbani kwa mama, na limeninyima amani.

Sasa najua. Leza zina madaraja yake, na kadiri namba inavyopanda ndivyo hatari inavyozidi. Ya daraja la kwanza haikudhuru ukiitumia inavyotakiwa. Ya daraja la nne, hata mwale uliogonga chuma kinachong'aa ukarudi unaweza kuchoma jicho. Na mwale wa mashine yetu hauonekani, kwa hiyo jicho halijui hata lipepese lini. Kifuniko kikiwepo, mwale unabaki ndani na mashine nzima inahesabiwa ya daraja la kwanza. Kikitolewa, umekaa uso kwa uso na ile ya nne. Miwani ya kinga bosi aliifungia kwenye droo eti isikwaruzwe, akakupa miwani ya jua, ambayo haizuii chochote.

Siku ulipoumia hukupiga hata kelele. Ulisema tu, "Aki, kuna kitu imelia tik ndani ya jicho." Kisha ukafunika la kushoto, ukanitazama. "Sioni pua yako." Nikadhani unanitania, nikakutolea ulimi. Daktari ndiye aliyetuambia kovu limekaa katikati kabisa ya sehemu ya kuonea na halitaondoka.

Jana bosi aliniletea karatasi. Imeandikwa kwamba ulionywa na ukakataa miwani ya kinga.

"Aki, weka sign tu hapa. Kuanzia Monday kiti cha Ochi ni chako."

"Hii ni uongo."

"Si ni karatasi tu? Mbona unajifanya mgumu?"

Nikachukua kalamu. Penye sahihi nikaandika: Kifuniko kilitolewa na mwenye mashine. Miwani ilikuwa kwenye droo. Mimi ndiye niliyemsomea kibandiko nusu. Nikaweka jina langu kamili, nikaipiga picha kwa simu mbele yake. Aliniambia nisikanyage hapo tena. Nikamwambia kiti hicho nisingekikalia hata angeniomba kwa magoti, na nitamwambia kila fundi kutoka hapa hadi Satellite ni kwa nini.

Nina hasira, Ochi, na sitaki mtu anitulize. Nasikia watu wa huko nyumbani wakikuuliza unawajibu, "Nilijiumiza tu." Acha kusema hivyo! Bosi ana lake la kujibu, na mimi nina langu. Wewe ulikaa ulipoambiwa ukae, ukafanya kazi.

Jumatatu naenda ofisi ya leba, wanaposikiliza malalamiko ya wafanyakazi, na picha hiyo. Watauliza aliyeumia yuko wapi, na sitaki kukusemea tena. Njoo. Kama utanichukia kwa nilichokuficha, nichukie tukiwa kwenye foleni.

Dada yako,
Aki