Mume Wangu, Noella na Kidude Kinachoigiza Kadi

Bukavu, Cimpunda

Yaya yangu mpenzi, dada yangu mkubwa Bitondo,

Kabla sijakuuliza lolote, acha nikukumbatie kwa maneno, maana kutoka Bukavu hadi Shabunda mikono yangu haifiki. Mguu wa mama umepona? Mvua imewaachia karanga shambani? Na wewe, unakula, au bado unawapa watoto chakula chote halafu unakunywa chai tupu? Mimi ni mzima, nimenenepa, na ninapendwa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikituma ujumbe wa sauti utausikiliza pale dukani penye mtandao, na duka zima litajua mambo yangu. Mama mmoja anayefanya biashara ya mawese anapanda ndege ya huko, naye amekubali kukuletea barua hii.

Yaya, ndoa ni tamu! Asubuhi Murhula akinyoa ndevu dirishani, mimi nasimama nyuma yake bila kazi yoyote, namtazama tu. Ananiambia, "Chérie, utafanya nijikate." Akishaondoka nanusa shati lake la jana kabla ya kulifua. Usinicheke. Wewe ulipoolewa ulikuwa unamwandikia shemeji barua na mnalala nyumba moja.

Lakini ndani ya asali hii kuna nyuki, na jina lake ni Noella.

Unajua kwamba Murhula anatengeneza vyombo vya umeme. Anafanya kazi hiyo katika atelier moja, karakana ndogo hapa Kadutu, pamoja na huyo Noella. Walisoma darasa moja. Sasa kuna masista wenye nyumba ya wageni kule juu kilimani, na milango yao inafunguliwa kwa kadi: unasogeza kadi kwenye kisanduku cha ukutani, taa ya kijani inawaka, mlango unaachia. Milango mingine imeanza kukataa, na hakuna anayejua kama ubaya uko kwenye kadi au kwenye visanduku. Basi masista wakawapa kisanduku kimoja, na ruhusa ya kutengeneza kidude kinachoigiza kadi, cha kupimia milango yote. Ni kibao kidogo kama kipande cha biskuti. Kina puce moja, yaani chipu, inayofikiri, puce nyingine inayopokea na kutuma mawimbi ya redio, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa pembeni kuwa antena. Kisanduku kinauliza, "Wewe ni nani?" Kidude lazima kijibu kwa jina la kadi kabla hata kope hazijagusana. Kikichelewa, kisanduku kinakigeuzia mgongo.

Umeona nimekuwa mjuzi? Wivu ni mwalimu mkali, Yaya. Sikutaka kuwe na neno hata moja ambalo Noella analielewa kwa mume wangu na mimi silielewi.

Na si kwamba najitungia. Mama mkwe alipotuletea maharagwe kutoka Nyantende, alikaa vizuri kwenye kiti, akapuliza chai yake, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa: "Noella iko mutoto muzuri. Sisi wote tulizania ni yeye atakuja mu hii nyumba. Lakini Mungu iko na mipango yake."

Nikamwongezea sukari. Nilitamani iwe chumvi. Tena Murhula na Noella wakikutana wanaongea Mashi, lugha ya kwao, wanacheka, na mimi Mrega nabaki nimetabasamu kama picha ya ukutani.

Nikaamua kazi ya hicho kidude ifanyikie kwangu, mbele ya macho yangu. Meza yetu ya sebuleni ina ufa katikati, kwa hiyo nikalaza juu yake lile sinia kubwa la aluminiamu alilonipa shangazi siku ya harusi, na juu ya sinia nikatandika kitambaa nilichodarizi majina yetu na njiwa wawili. Ikawa meza ya bibi harusi, laini kama shavu. Kila alasiri namwandalia hapo kidude chake, kisanduku cha masista, kikombe cha chai, na ua nililoomba kwa jirani. Mwanamume gani Bukavu hii ana meza kama hiyo?

Basi kidude kikakataa! Murhula anakisogeza kwenye kisanduku, taa haiwaki. Akabadilisha betri. Akaandika programu upya kwenye kompyuta. Akazungusha waya mwingine. Kimya.

"Mbona kule atelier iko inaitika?" anasema, huku anavaa koti. "Acha nirudi kwa Noella kidogo, chérie."

Kule inaitika! Kila alasiri wimbo ni huo huo. Yaya, hata kitu kisicho na moyo kilimchagua Noella. Nikaanza kukitazama kile kidude kama mke mwenza. Chai inapoa, umeme unakatika, na mimi nimebaki peke yangu na njiwa zangu, nawaza: ndoa mbichi hivi, na mtu tayari ana mahali pengine ambapo mambo yake yanakubali.

Mwisho nikamwambia, "Mwambie aje Jumapili baada ya misa. Nataka kumwona akila."

Nikapika visamaki vya sambaza, sombe ya majani ya muhogo na bugali, nikavaa kitenge cha harusi. Akaja. Na ni mzuri, Yaya, hilo ndilo linaloniuma: shingo ndefu, kucha safi ingawa anashinda akiunganisha waya.

"Shemeki, umependeza," akaniambia mlangoni.

"Najua," nikamjibu.

Tulikula sahani zikiwa magotini, maana meza ni ya kidude. Tulipomaliza, wakakijaribu. Kimya kilekile. Noella akabisha meza kwa ukucha kama mtu anayebisha hodi.

"Murhula, kuko nini chini ya hii nappe?"

"Meza."

"Meza ya mbao inalia hivi?"

Akainua pembe ya kitambaa changu. Sinia la shangazi likamng'aria usoni. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ulioa, ukasahau masomo yote! Chuma inakula mawimbi yako, na wewe uko unabadilisha betri!"

Kumbe sinia, sufuria, bati, chochote cha jamii hiyo kikiwa chini ya antena, kinameza mawimbi, kidude na kisanduku havisikilizani tena. Wakahamishia vyote kwenye kiti cha plastiki. Taa ya kijani ikawaka mara moja. Wakapigana viganja, wao wawili. Kisha Noella akanigeukia.

"Shemeki, kumbe ni wewe ulikuwa unanitumia yeye kila siku! Na mimi nilishachoka naye. Ananimaliziaka sukari."

Nikacheka kwa meno tu. Fikiria: mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa zawadi ya harusi yangu, nilikuwa namfukuza mume wangu aende kwake. Na aliyegundua ni yeye! Nikamgeuzia Murhula hasira zote: "Na wewe fundi mzima, hukuinua hicho kitambaa hata mara moja?"

"Niliogopa kukikunja," akasema. "Ulikitandika vizuri sana."

Alisema hivyo mbele ya Noella.

Juzi ikawa siku ya kupima milango kwa masista, nami nikafuata, sikualikwa na mtu. Sista mkuu akauliza, "Nani anaanza?" Noella akanyoosha mkono, kama kawaida yake. Murhula akaupita ule mkono, akakiweka kidude kwenye kiganja changu. "Madame wangu ataanza."

Nikakisogeza. Hakuna kitu.

"Ilaze kidogo, shemeki," Noella akasema, akataka kunishika mkono.

"Niache, nitailaza mwenyewe."

Nikakilaza. Kijani! Mlango ukaachia. Nikaingia, nikamvuta Murhula kwa shati, nikaufunga mlango nyuma yetu. Nje nikasikia Noella anagonga na sista anacheka: "Shemeki! Fungua, kazi haiyaisha!"

Niliwaacha wagonge.

Nisalimie mama, umwambie mkwe wake anamheshimu. Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu, na kaka yetu mdogo kule kwenye machimbo ya dhahabu, ajifunike vizuri usiku. Shangazi mbusu mashavu yote mawili. Na wewe ukijibu, usinishauri nipunguze wivu. Niulize tu kama nina furaha. Ninayo, Yaya, mpaka inamwagika.

Mdogo wako akupendaye,
Wabiwa, mke wa Murhula. Mke wake, mmoja tu.