Wimbo wa Lévi

Goma, mwezi wa tisa

Yaya Victoire, dada yangu mpendwa,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Julien na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Na Sylvie, homa imemwacha? Sisi huku tunapumua, na siku hizi mtu wa Goma akikuambia hivyo usimwulize zaidi. Barua hii inakuja na Mama Héritière, yule muuza vitenge, ambaye sasa anazungukia Uganda ili afike kwenu Butembo, maana vita vimefunga njia yetu.

Kwa simu nilikuambia Lévi amezikwa vizuri. Ulikuwa unalia, sikuwa na moyo wa kukuongezea. Ukweli ni kwamba ilibaki kidogo mdogo wetu azikwe kimya kama mtu asiye na kanisa.

Unajua kwamba walimtenga. Wimbo aliourekodi ulipoanza kupigwa mtaa mzima wa Birere, kwenye pikipiki na kwenye bar, Mzee Zéphirin aliwaambia wazee wenzake wa kanisa kwamba kijana anayepigia kwaya gitaa hawezi kuwachezesha walevi. Waliuliza wimbo unapigwa wapi. Unasema nini, hawakuuliza. Wakamnyang'anya gitaa la kanisa, wakamkataza Meza ya Bwana, wakamweka benchi la nyuma karibu na mlango mpaka atubu mbele ya watu wote. Lévi alikubali kukaa nyuma. Kutubu alikataa. Wewe ulimsihi kwa simu, mimi nilimwita kichwa kigumu, maana nilimwona Mama anavyokonda. Kila Jumapili alisimama mbele kuanzisha nyimbo za kwaya ya akina mama, na kila alipotazama kule mlangoni maneno yalimpotea.

Kisha ikaja ile siku ya Birere. Lévi alikwenda kununua nyuzi za gitaa, mchana kweupe, watu wenye bunduki wakataka simu yake. Waliokuwapo wanasema aliitoa. Wakampiga risasi hata hivyo.

Katika kanisa letu aliyekufa akiwa ametengwa haimbiwi. Kwaya haiji na sare, mchungaji haji na kanzu, familia inaomba yenyewe. Mama hakuomba sanduku zuri wala watu wengi. Aliomba mwanawe aimbiwe, basi. Mzee Zéphirin alikuja kwenye matanga, akalia, na alilia kweli, sitamsingizia. Lakini alisema wapo wazazi wengine waliozika watoto wao kimya kwa sheria hiyo hiyo, sasa wao wataambiwa nini? Nilitaka kumfukuza. Mama alinishika mkono, nikaketi.

Makaburini akina mama wa kwaya walikuja na nguo za kawaida, wakasimama mbali, midomo imefungwa. Kilichosikika ni koleo likigonga yale mawe yetu meusi ya volkano. Udongo wa kwanza ulipoanguka, Mama akaanza kuimba. Nilitegemea wimbo wa kitabuni. Yaya, aliimba wimbo wa Lévi.

Rudi, mpenzi, chakula kimepoa, sahani yako nimeifunika. Aliimba ubeti baada ya ubeti, hata beti ambazo Lévi hakuzirekodi. Mzee Zéphirin akamshika bega amnyamazishe, na Mama akamwambia bila kupaza sauti: "Muzee, uniache nimalize. Huu wimbo haiko ya bar. Ni mimi nilikuwa naimba jikoni, nikimungoja baba yao. Lévi aliusikia akiwa mutoto. Alikatala kuwaambia, juu alijua mungeniweka mimi nyuma."

Mkono wa yule mzee ukashuka. Mama akamaliza wimbo wake.

Unakumbuka, yaya? Papa wetu alikwenda Rutshuru kununua maharage, lori likarudi bila yeye. Kila jioni Mama alifunika sahani yake kwa sahani nyingine. Wewe ndiye uliyekuwa ukila kile kiporo asubuhi.

Nyumbani aliniambia yaliyobaki. Kila Jumapili alitaka kuwaambia watu kwamba wimbo ni wake, na kila mara Lévi alimzuia. Alimwuliza: "Mama, ukikaa nyuma, utaimba wapi?" Naye akamsikiliza, akaendelea kusimama mbele. Hilo ndilo linalommaliza sasa, kuliko hata risasi. Chakula hagusi, usingizi hapati. Nina hofu naye, nakuambia wazi.

Jumapili iliyopita hakuna aliyemtenga. Wazee hata hawakuthubutu kukutana. Ni yeye mwenyewe aliyekunja sare yake, akaiacha juu ya kitanda, akaenda kukaa mahali pa Lévi karibu na mlango. Nilikaa naye. Mchungaji aliita kwaya ya akina mama, wakasimama, wakatazamana. Hapakuwa na wa kuanzisha. Wakakaa tena.

Mama anakusalimia. Anajua hukutaka kuusikiliza wimbo ule hata mara moja, na hana kinyongo. Anaomba tu hivi: pikipiki zenu za Butembo nazo zinaupiga, ukiusikia usizibe masikio. Ni Mama anamwita Papa, na anayempigia gitaa ni Lévi.

Wabusu watoto, umsalimie shemeji. Mungu awafunike huko mliko, mpaka njia itakapofunguka tuonane.

Mdogo wako,
Charline