Nafasi Iliyobaki Katika Picha ya Manono

Lubumbashi, tarehe 17 Agosti 2003

Mpendwa mdogo wangu Marceline,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Huko Kawambwa mmeamkaje? Mguu wako umepona? Wajukuu wanasoma? Sisi huku tu wazima. Malaria ilinishika mwezi uliopita, lakini sasa ninakula, siku ambazo chakula kinapatikana.

Mji umechakaa. Wafanyakazi wa migodi hawajalipwa kwa miezi mingi. Jirani yangu Lucien ameuza vitanda na hata milango ya ndani. Picha iliyo ukutani hajaiuza. Nilipomuuliza sababu, alicheka: "Baba Vital, kukosa kitanda, nitalala chini. Ile tablo nikiuzisha, nitaangalia nini?"

Basi nami nikamwomba Casimir, mchoraji wa mtaani kwetu, anichoree mji wetu wa Manono. Huchora juu ya magunia ya unga yaliyofuliwa, na mwenye kuagiza hukaa kando yake akimweleza. Nilieleza vizuri, lakini yeye ni mzaliwa wa hapa: nyuma ya kanisa letu akaweka ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba wa Lubumbashi, pamoja na bomba lake la moshi! Nikamwambia kwamba milima yetu, ya mchanga wa migodi ya bati, ni myeupe. Akapaka upya akinung'unika.

Habari ikaenea. Sasa kila Jumapili baada ya misa watu wa Manono hujaa kwangu, wakibishania kila njia. Perpétue, yule mjane tuliyepakana naye kule, hana huruma; humwambia mmoja wao: "We Kabwe, ulikuwa unasinzia mu misa, kanisa utaikumbuka wapi?" Watu hucheka, kisha mmoja huanzisha wimbo wa Kiluba na ubishi hukoma. Tangu vita ikate barabara nami nikiwa huku, sikuwa nimesikia sauti hizo zikiimba pamoja.

Juzi Casimir aliniuliza: "Baba, nyuma ya nyumba yenu iko nafasi. Niweke nini?"

Nikamwambia angoje. Nadhani mama amelala hapo, lakini sijui. Wewe ndiye uliyemzika, kisha ukakimbia. Hujanisimulia, nami sikuthubutu kuuliza.

Leo nauliza. Usiniandikie habari za siku ile, najua zinavyokuumiza. Niambie tu yuko upande gani, wa mto Lukushi au wa barabara, na kama mliwahi kuweka msalaba. Kama hamkuwahi, sema hivyo hivyo. Casimir atachora majani tu. Perpétue alishauri tujaze maua, nikakataa. Sitaki kitu kizuri kilichobuniwa. Nataka kujua nielekeze macho wapi wanapoimba.

Msalimie shemeji Mumba, na binti yenu Deborah na wanawe. Mke wangu Annie anakukumbatia. Mungu aliyekuvusha mpaka ukiwa mzima akulinde, hadi tukae tena mlango mmoja.

Wako akupendaye daima,
kaka yako mkubwa, yaya Vital

N.B. Ukishindwa kuandika, chora. Mstari mmoja wa nyumba, mmoja wa njia, na alama ndogo pale alipo.