Mpira Ulinigusa

Shangazi, shikamoo. Nisaidie, maana nimeomba hadi magoti yamechoka na amani sijaiona. Mimi ni fundi cherehani, nachezea timu ya mpira wa wavu ya akina mama wa kanisa letu, na ligi yetu ya makanisa ina refa mmoja tu, hakuna washika vibendera, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mpira ukikugusa kabla haujatoka nje unainua mkono mwenyewe, pointi inakwenda kwa wapinzani, hatubishani, sisi ni watu wa Mungu. Sasa kwenye fainali wapinzani walibakiza pointi moja tu wachukue kombe, na aliyepiga ule mpira ni wifi yangu, dada wa mume wangu, nahodha wao, nikaruka kuuzuia, ukanipitia kidole cha kati ukaenda nje, ukucha ukavunjika palepale, refa akaniangalia, na mimi Shangazi, sijui shetani gani alinipitia, nikatulia tuli, mikono kiunoni. Wifi akapiga kelele, "Umegusa! Wifi, inua mkono!" nikasema, "Sijagusa mimi," akaniita mwongo, akamvaa refa kwa maneno, akatolewa nje, wenzake wakavurugika, tukashinda. Jumapili nikapewa nafasi ya kushuhudia, nikasema Bwana ametupigania, kanisa zima makofi, na mume wangu alipouliza kidole kimefanya nini nikasema sindano ya cherehani. Wifi kavuliwa unahodha, na kanisani kwao wamemsimamisha kufundisha watoto Shule ya Jumapili, eti mwalimu gani anamtukana refa. Wiki iliyopita mama mkwe akamleta kwangu aniombe radhi kwa kuniita mwongo, akapiga magoti pale kati ya vitambaa, akalia, nami nikamwambia nimekusamehe. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Lakini si nimeshatubu kwa Mungu, sasa kuna haja gani ya kuwasumbua watu, na kombe lenyewe liko kabatini kwa mchungaji? Niambie tu niendelee kuomba.

Fundi Mwenye Plasta

Fundi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikavua miwani, nikaivaa, nikaisoma tena. Umemsamehe! Wewe! Dada wa watu kapiga magoti kwenye sakafu yako yenye vipande vya nyuzi, anaomba radhi kwa kusema kweli, na wewe bila haya unamgawia msamaha. Hebu ningoje nipumue kwanza.

Nakuonea huruma, sikufichi. Fainali, watu wanashangilia, refa kakukodolea macho, mtu anaweza kuganda. Lakini kuganda ni kwa dakika moja. Ule ushuhuda uliupanga, na ile sindano uliibuni mwenyewe. Shetani usimsingizie, yeye hana cherehani.

Unasema umetubu kwa Mungu. Mama, Mungu alikuwepo uwanjani! Aliuona ukucha ukivunjika, habari hii kwake si mpya. Wasioijua ni refa, mchungaji, mumeo, mama mkwe wako, na wale watoto wanaouliza kila Jumapili mwalimu wao yuko wapi. Unamnong'oneza anayejua, unawaficha wasiojua, halafu unashangaa amani haiji. Ije ipitie wapi?

Sasa nisikilize. Leo hii mwambie mumeo, uso kwa uso, asije akaambiwa na jirani. Kesho funga duka uende kwa wifi yako. Usimwite kwako, amekuja vya kutosha. Magoti safari hii ni yako. Na usinianzie na "kama nilikukosea", maana hapo hakuna kama. Sema, "Niligusa, nikakuacha uadhibiwe kwa kusema kweli." Akikufokea, nyamaza. Akikufukuza, ondoka, kesho yake urudi. Kisha kamwombe mchungaji alitoe hilo kombe kabatini na aongozane nawe Jumapili hadi kanisani kwao, ukaseme mbele ya walewale waliomsimamisha. Timu yako itanuna, wengine hawatakupa mpira msimu mzima. Vumilia, yeye kavumilia kwa sababu yako.

Usiombe arudishiwe unahodha na darasa lake kabla hujasema ukweli wote, na ukisimama pale usihubiri. Fundi, kila wiki unainua mikono yote miwili wakati wa nyimbo za sifa, na hakuna aliyekulazimisha. Siku ile uliombwa mmoja tu. Jumapili hii wifi yako akiwa amekaa pale mbele yako, anakutazama, uinue.